Kaya ya katikati: namna ya kukadiria kipato cha vijiji vya Kasongo na Kabambare



Kila tunapofika kijijini tukiwa na daftari mkononi, swali la kwanza ni lile lile: «Munaandika majina ya nini?» Wazee wanauliza kwa upole, vijana wanauliza kwa ukali. Wana haki ya kuuliza. Kusini mwa Maniema, orodha ya majina imewahi kuleta mbegu, chandarua au sabuni. Imewahi pia kuleta kodi isiyo halali, na usiku wa kukimbilia porini.

Katika makala haya tunataka kueleza kazi moja ambayo wafadhili wanatuomba mara kwa mara, na ambayo sisi wafanyakazi wa vijijini tumejifunza kwa makosa yetu wenyewe: kukadiria kipato cha kaya katika teritwari za Kasongo na Kabambare, na kujua kama kinapanda au kinashuka mwaka hadi mwaka. Tunawaandikia wenzetu wa mashirika mengine, machifu, kamati za amani, na kila mtu ambaye siku moja atapewa karatasi yenye tarakimu na kuambiwa: «Hivi ndivyo kijiji chenu kilivyo.»

Kwa nini hesabu hii ni kazi ya amani

Tuanze na kosa letu. Katika mradi mmoja wa mbegu na majembe, tulilinganisha vijiji viwili vinavyotumia soko moja. Tuliuliza kaya 20 katika kila kijiji, tukajumlisha vipato, tukagawanya kwa 20. Kijiji cha kwanza kilionekana kuwa na kipato mara mbili ya kijiji cha pili, hivyo mbegu zikapelekwa kwa cha pili. Hatukuzingatia kwamba kati ya zile kaya 20 za kijiji cha kwanza kulikuwa na mnunuzi mmoja wa dhahabu. Fedha za mtu yule mmoja ndizo zilizokifanya kijiji kizima kionekane tajiri.

Vijana wa kijiji kilichorukwa waliweka kizuizi njiani. Kwa wiki mbili akina mama wa kijiji cha pili hawakuthubutu kupitisha mafuta yao ya mawese kwenda sokoni. Machifu wa pande zote mbili walifanya kazi kubwa kuwatuliza watu, na sisi tulirudi kuhesabu upya na kuomba radhi mbele ya baraza. Hakuna aliyeumizwa, lakini tulielewa kwamba hesabu mbaya inaweza kuamsha ugomvi kati ya watu waliooleana kwa miaka mingi.

Wastani na mediani

Kosa letu lilikuwa kutumia wastani mahali palipohitaji mediani. Tueleze kwa mfano. Tarakimu hizi ni za kujifunzia tu, si za kijiji chochote.

Tuseme kuna kaya 9, na kipato cha kila kaya kwa mwezi, kwa maelfu ya franka, ni hiki: 60, 70, 80, 90, 100, 120, 140, 180 na 1,500. Yule wa mwisho ni mwenye shimo la dhahabu, ambaye wachimbaji humwita PDG. Jumla ni 2,340. Ukigawanya kwa 9 unapata wastani wa 260, yaani franka 260,000. Lakini tazama vizuri: kaya 8 kati ya 9 ziko chini ya wastani huo. Ni tarakimu isiyofanana na mtu yeyote kijijini.

Sasa zipange kaya kwa mstari kutoka maskini hadi tajiri, kisha nenda kwa ile iliyosimama katikati, yaani ya tano. Ina 100, yaani franka 100,000. Hiyo ndiyo mediani. Nusu ya kijiji iko chini yake na nusu iko juu yake. PDG akipata mara kumi zaidi mwezi ujao, mediani haitikisiki. Akihama, wastani unaporomoka kutoka 260 hadi 105, lakini mediani inashuka kidogo tu, kutoka 100 hadi 95.

Jambo hili lina uzito katika maeneo yetu. Katika teritwari ya Kabambare kuna eneo la Salamabila na mgodi wa Namoya. Kampuni ya Banro ilianza uzalishaji wa kibiashara Namoya mwaka 2016, na kazi ikasimamishwa mwaka 2019 baada ya mashambulizi na utekaji nyara. Anayepima kwa wastani ataona utajiri mkubwa ukija na kuondoka, hata kama mama anayelima muhogo kilomita chache kutoka hapo hakuona badiliko lolote sufuriani mwake. Mediani inamtazama mama yule.

Hata hivyo mediani peke yake haitoshi. Haielezi chochote kuhusu walio chini kabisa. Kwa hiyo sisi huandika pia kipato cha kaya iliyosimama robo ya kwanza ya mstari. Mediani ikipanda na robo ya chini ikashuka, hiyo ni dalili ya hatari, na kamati ya amani inapaswa kuijua mapema.

Kaya ni watu wa chungu kimoja

Kabla ya kuhesabu kipato cha kaya, lazima tukubaliane kaya ni nini. Ukiuliza «jamaa yako ina watu wangapi?», baba mmoja atakuhesabia hadi wajomba walioko Kindu na Bukavu. Sisi tunatumia kanuni rahisi: kaya ni watu wanaokula chungu kimoja.

Kanuni hii inasaidia katika nyumba za wake wengi, ambazo ni nyingi kwetu. Mara nyingi kila mama ana jiko lake, shamba lake na fedha zake za soko, na baba anazunguka. Hapo tunahesabu kaya mbili au tatu, si moja. Fedha za baba tunaziandika pale zinapofika: alichompa mama wa kwanza kinaandikwa kwake, na alichompa mama wa pili kinaandikwa kwake. Baba mwenyewe tunamwandika mara moja tu, katika kaya alikolala usiku wa kuamkia mahojiano. Tusipofanya hivyo tutahesabu fedha zile zile mara mbili.

Inasaidia pia kwa wakimbizi wa ndani. Kaya ya watu 6 inayopokea ndugu 5 waliokimbia vita inakuwa kaya ya watu 11 kwenye chungu kile kile. Kipato cha kaya kinaweza kubaki 100,000, lakini sehemu ya kila mtu inashuka kutoka karibu 16,700 hadi karibu 9,100. Ndiyo sababu daima tunaandika idadi ya watu pamoja na kipato. Wanaopokea wakimbizi wanabeba mzigo ambao orodha nyingi za misaada haziuoni, na malalamiko yao huanzia hapo.

Kuchagua kaya bila kuwa na orodha

Nchi yetu ilifanya sensa ya watu mwaka 1984, na hiyo ndiyo sensa kamili ya pekee tangu uhuru. Tangu wakati huo kumekuwa na vita vya 1996 hadi 1997 na vya 1998 hadi 2003, na mapigano mengine mengi yaliyofuata. Kuna vijiji vilivyohama, vilivyogawanyika na vilivyozaliwa upya. Kwa hiyo hakuna orodha ya kaya ya kuaminika ya kuchagulia.

Tegemeo letu ni zoni za afya. Kasongo ina zoni tatu: Kasongo, Kunda na Samba. Kabambare ina tatu: Kabambare, Lusangi na Saramabila. Wahudumu wa afya wa vijijini wanahesabu kaya kwa ajili ya chanjo na ugawaji wa vyandarua. Hesabu hizo si kamilifu. Mahali ambapo chandarua kinatolewa kwa idadi ya watu, idadi ya watu huongezeka kidogo. Lakini zinatosha kutuonyesha kijiji gani ni kikubwa na kipi ni kidogo.

Hatua zetu ni hizi:

1. Tunaandika vijiji vyote vya zoni pamoja na ukubwa wake, hata vile visivyofikiwa na pikipiki.

2. Tunapiga kura ya kuchagua vijiji, kijiji kikubwa kikiwa na nafasi kubwa zaidi. Kura hiyo tunaipiga mbele ya wawakilishi wa machifu, ili asiwepo wa kusema tulichagua kwa upendeleo.

3. Tukifika kijijini, tunatembea na mzee na kijana mmoja, tunachora ramani na kuhesabu milango yote, pamoja na vitongoji vilivyoko mbali na barabara.

4. Tunachagua kaya kwa kuruka idadi ile ile. Kama kuna kaya 120 na tunahitaji 10, tunapiga kura ya kuanzia kati ya 1 na 12, kisha tunachukua kila ya 12.

Kosa la kawaida ni kubaki kando ya barabara. Mwenye nyumba ya barabarani anauza biskuti, anakodisha chumba, anapokea abiria. Aliye kilomita 8 ndani ya msitu hana hayo. Utafiti wa barabarani huonyesha teritwari tajiri kuliko ilivyo.

Watu wanatuuliza: kaya ngapi zinatosha? Kuna njia nyepesi ya kulielewa. Ukichagua kaya 100 kwa haki na kuzipanga kwa mstari, unaweza kuwa na imani ya asilimia 95 kwamba mediani ya kweli ya eneo iko kati ya kipato cha kaya ya 40 na kile cha kaya ya 61. Ukichagua 400, iko kati ya kaya ya 180 na ya 221, yaani kipande kifupi zaidi cha mstari. Lakini tahadhari: watu wa kijiji kimoja hufanana, wanalima zao moja na kuuza soko moja. Kaya 10 katika vijiji 40 zinakufundisha zaidi kuliko kaya 40 katika vijiji 10, ingawa jumla ni ile ile 400. Ndiyo maana tunapendelea vijiji vingi, hata kama mafuta ya pikipiki yanatugharimu.

Kipato ni nini kwa mkulima

Mfanyakazi wa ofisi anajua mshahara wake. Mkulima wa Kasongo hana karatasi ya mshahara. Anavuna mpunga, anakula sehemu, anauza sehemu, anampa shemeji gunia moja, anabakiza mbegu. Mama anakamua mawese, anauza bido moja, nyingine inaingia jikoni. Kijana anakwenda kuchimba miezi mitatu na kurudi na baiskeli badala ya fedha.

Ukiuliza fedha tu, utaandika uongo bila mtu yeyote kukudanganya. Kaya inayopata franka 40,000 za mauzo inaweza kuwa imekula chakula cha shamba lake chenye thamani ya 60,000. Kipato chake ni 100,000. Kwa hiyo tunauliza mambo manne: mauzo ya mazao na mifugo, kazi na biashara ndogo, fedha zilizotumwa na ndugu (siku hizi nyingi hupita kwa simu), na chakula walichokula kutoka shambani, mtoni na msituni.

Chakula hicho tunakithaminisha kwa bei ya kijiji chenyewe, si bei ya mjini Kasongo. Mchele unaosafirishwa kwa baiskeli hadi mjini umebeba jasho la msukumaji ndani ya bei yake. Tukitumia bei ya mjini tutamfanya mkulima wa mbali kuwa tajiri kwenye karatasi.

Vipimo navyo vinatofautiana. Kopo la soko moja linajazwa hadi kilele, la soko lingine linasawazishwa kwa kiganja. Gunia nalo lina ukubwa wake kila mahali. Tunabeba mizani ndogo na kupima kopo la kila soko kabla ya kuanza.

Mwisho, tunauliza pia matumizi: chumvi, sabuni, mafuta ya taa au betri, dawa, nguo, shule, harusi na matanga. Watu huogopa kutaja wanachopata, lakini husema bila shida walichonunua wiki iliyopita. Taasisi ya taifa ya takwimu ilifuata njia hiyo katika uchunguzi wake mkubwa wa 2004 hadi 2005 na ule wa 2012, uitwao 1-2-3, ambao sehemu yake ya tatu ni matumizi ya kaya. Kwa hesabu hizo, umaskini nchini ulishuka kutoka asilimia 71.3 mwaka 2005 hadi 63.4 mwaka 2012. Tarakimu hizo zinafaa kwa nchi na kwa jimbo. Haziwezi kusema Kabambare ikoje ukiilinganisha na Kasongo, kwa sababu hazikukusanywa kwa ajili ya teritwari. Kazi hiyo imebaki kwetu sisi tulio karibu.

Mwezi wa kuuliza

Kwetu mvua huanza karibu na Septemba, na kiangazi ni Juni hadi Agosti. Mpunga uliopandwa mvua zinapoanza huvunwa kuanzia Januari. Mwezi Februari mkulima ana fedha, anaoa, anaezeka nyumba. Mwezi Oktoba gunia ni tupu na mbegu ziko ardhini.

Tulipoanza kazi hii, duru ya kwanza tuliifanya baada ya mavuno na ya pili kabla ya mavuno. Tulipoona tarakimu tulishtuka: kipato kilikuwa kimeshuka kwa zaidi ya nusu! Tulikuwa tayari kuandika ripoti ya maafa. Mzee mmoja wa kamati alituuliza: «Mulikuja mwezi gani?» Swali lake lilitosha. Tulikuwa tumepima majira, si umaskini.

Tangu siku hiyo tunarudi mwezi ule ule kila mwaka, na fedha zikiruhusu tunakwenda mara mbili kwa mwaka, mara moja wakati wa neema na mara moja wakati wa njaa.

Franka ya jana na franka ya leo

Kulinganisha miaka kuna mtego mkubwa, nao ni fedha yenyewe. Wazee wetu wametumia zaire, kisha zaire mpya kuanzia 1993, kisha franka ya Kongo kuanzia 1998. Na franka hiyo haikusimama mahali pamoja. Kati ya 2010 na 2015 dola 1 ilikuwa karibu franka 900. Mwishoni mwa 2017 ilikuwa karibu 1,600. Mwaka 2024 ilifika karibu 2,800. Mtu aliyepata franka nyingi zaidi mwaka 2024 kuliko 2015 si lazima awe ameendelea.

Wengine husema: basi tubadilishe kila kitu kuwa dola. Dola inasaidia kwa vitu vinavyotoka mbali, kama mabati na dawa. Lakini bei ya muhogo kijijini haiifuati dola kila siku. Sisi tunatumia kapu: vitu vile vile, kwa kiasi kile kile, ambavyo kaya ya kawaida inahitaji kwa siku, yaani unga wa muhogo, mchele, sombe, mawese, chumvi, samaki kidogo na sabuni. Tunaandika bei ya kapu katika soko la kila eneo, kisha tunauliza: kipato cha siku cha kaya ya katikati kinanunua makapu mangapi?

Tuchukue mfano wa kujifunzia. Duru ya kwanza, kaya ya katikati ilipata franka 3,000 kwa siku na kapu lilikuwa 1,500: makapu 2. Duru ya mwisho ilipata 4,500 na kapu lilikuwa 2,500: makapu 1.8. Franka zimepanda kwa asilimia 50, lakini maisha yamerudi nyuma kwa asilimia 10. Mkutanoni ukisema «makapu 1.8», kila mama anakuelewa. Ukisema franka 4,500, watu wanapiga makofi bure.

Kuna mabadiliko mengine ya kuangalia. Mwaka wa shule 2019 hadi 2020 serikali ilianza elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma. Matumizi ya shule yalipungua katika kaya nyingi. Anayepima matumizi tu, bila kujua habari hiyo, anaweza kudhani kaya zimekuwa maskini zaidi, kumbe zimepata nafuu.

Walioondoka hawahesabiwi

Mahali penye vita, kuna kosa lililo gumu kuliko yote. Turudi kwenye zile kaya 9. Tuseme mapigano yametokea, na kaya tatu maskini kabisa, zenye 60, 70 na 80, zimekimbia. Zimebaki sita: 90, 100, 120, 140, 180 na 1,500. Mediani mpya ni katikati ya 120 na 140, yaani 130. Imepanda kwa asilimia 30, na hakuna mtu hata mmoja aliyepata franka moja zaidi. Ripoti itasema «maendeleo», wakati ukweli ni kwamba maskini wamekimbia.

Kwa hiyo tunafanya mambo mawili. Kwanza, sehemu ya kaya tunazifuatilia zile zile mwaka hadi mwaka, na zikihama tunauliza majirani zimekwenda wapi na tunajaribu kuzipata. Pili, sehemu nyingine tunazichagua upya kila duru, ili wakimbizi waliofika na kaya changa wapate nafasi yao. Na kila ripoti yetu inataja ni kaya ngapi hatukuzikuta. Bila tarakimu hiyo, nyingine zote zina mashaka.

Tunalinganisha na nani

Kuanzia mwaka 2007, International Rescue Committee na CARE waliendesha mpango wa Tuungane mashariki mwa nchi, Maniema ikiwemo. Vijiji vilichagua kamati kwa kura na kupanga miradi yao. Jambo la pekee ni kwamba vijiji viliingizwa kwa bahati nasibu ya wazi, hivyo vilivyokosa awamu ya kwanza vikawa vya kulinganishia. Watafiti walipotoa ripoti yao mwaka 2012, hawakukuta ushahidi kwamba hali ya kiuchumi ya vijiji vya mpango ilikuwa bora kuliko ya vingine.

Matokeo hayo yaliwahuzunisha wengi. Sisi tunayaona kuwa zawadi. Kama wangetazama vijiji vya mpango peke yake, kila nafuu iliyoletwa na utulivu, barabara au simu ingehesabiwa kuwa kazi ya mpango. Vijiji vya kulinganishia vilisema ukweli. Katika miradi yetu midogo hatuna uwezo wa kiasi hicho, lakini tunaweza kupima vijiji vichache visivyo na mradi. Vilevile tunaweza kutumia tafiti za kitaifa za afya za 2007, za 2013 hadi 2014 na za 2023 hadi 2024. Hizo haziulizi kipato, bali huuliza kuhusu paa, sakafu, redio, baiskeli na mifugo. Ukiyaona mabati yanaongezeka wakati tarakimu zako za kipato zinashuka, rudi ukague kazi yako.

Daftari ni siri ya watu

Katika maeneo yenye watu wenye silaha, daftari linaloonyesha nani ana mbuzi 12 na nani ametumiwa fedha jana ni hatari kuliko bunduki. Likikamatwa kwenye kizuizi, wenye kuteseka si sisi.

Kanuni zetu ni hizi. Daftari la majibu lina namba, halina majina. Orodha inayounganisha namba na jina inakaa mahali pengine, na haisafiri siku moja na daftari. Hatuulizi mtu ameweka wapi fedha zake. Hatuulizi kipato mbele ya umati. Mtu akikataa, tunamshukuru na kuondoka, na hapotezi haki yake ya msaada. Hatumwambii yeyote kwamba kujibu kutamletea mbegu, kwa sababu ahadi hiyo huharibu majibu na huacha chuki baada ya sisi kuondoka.

Kurudisha hesabu kwa wenyewe

Hatua ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi. Tarakimu hutoka kijijini, huenda Kindu, kisha Kinshasa, kisha ng'ambo, na wenyewe hawazioni tena. Kasongo na Kabambare zimo katika mpango wa serikali wa maendeleo ya teritwari 145. Maamuzi kuhusu barabara, shule na vituo vya afya yataendelea kufanyika, na watu wanastahili kujua wanavyoelezwa.

Sisi tunarudi na matokeo barazani. Tunapanga mawe 9 au vijiti 9 chini, vya urefu tofauti, tunamwomba mtoto aonyeshe kilicho katikati. Tunaeleza kapu. Tunataja tusichokiweza: kaya tusizozikuta, vijiji ambavyo barabara ilitushinda. Kisha tunanyamaza na kusikiliza. Mara nyingi watu hutusahihisha. Wanasema bei ya mawese tuliyoandika ni ya siku ya soko tu, au kwamba kitongoji fulani cha Wambuti hakikutembelewa kabisa. Masahihisho hayo tunayaandika na kuyatuma pamoja na ripoti.

Katika vile vijiji viwili tulivyovitaja mwanzoni, hesabu ya pili ilionyesha kwamba mediani zao zilikuwa karibu sawa. Baraza la pamoja likaamua mbegu zigawiwe kwa kaya za robo ya chini za vijiji vyote viwili, na vijana wenyewe waliokuwa wameweka kizuizi wakabeba magunia.

Tunawaomba wenzetu wanaofanya kazi kama hii watuandikie namna wanavyopima kapu katika maeneo yao, na makosa waliyoyaona. Tutafurahi kujifunza.